Anayeacha kunywa maji kwa kuogopa choo

Mzazi mwenye mtoto anayetumia kiti mwendo au magongo, leo jioni akirudi kutoka shuleni fungua begi lake uangalie chupa ya maji. Kama uliijaza asubuhi na imerudi imejaa, usimgombeze. Muulize choo cha shule kikoje.

Ukimuuliza kwa upole, na si mbele ya ndugu zake, huenda akakueleza mambo ambayo hujawahi kuyasikia. Kwamba choo kina ngazi mbili na hakuna pa kushika. Kwamba mlango ni mwembamba, kiti kinabaki nje, na yeye anaingia kwa kutambaa juu ya sakafu ambayo wenzake wameshaikojolea. Au kwamba kuna rafiki anayembeba, na siku rafiki huyo asipokuja, yeye hanywi chochote tangu saa moja asubuhi mpaka anaporudi nyumbani. Hiyo ndiyo hesabu anayoipiga mtoto wa miaka tisa: nisipokunywa, sitahitaji kwenda.

Hesabu yake haina kosa. Gharama yake inalipwa na figo, kibofu na utumbo.

Mtoto wa miaka minne hadi minane anahitaji takribani vikombe vitano au sita vya vinywaji kwa siku, na mkubwa zaidi ya huyo anahitaji zaidi. Asipokunywa, mkojo unakuwa mchache, mzito na wa rangi ya chai ya rangi. Akibana huo mchache alionao kwa saa nyingi, bakteria wanapata muda wa kuzaliana ndani ya kibofu. Matokeo yake ni UTI inayotibiwa leo na kurudi baada ya mwezi. Wakati huo huo choo kikubwa kinakauka na kuwa kigumu. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo tatizo hili ni kubwa zaidi, maana tayari misuli yake imekaza, hatembei vya kutosha kuusaidia utumbo kufanya kazi, na baadhi ya dawa anazotumia zinaweza kufunga choo. Mtoto aliyefunga choo siku nne hana hamu ya kula. Mama anasema mwanangu anachagua chakula. Hachagui, tumbo limejaa.

Katika mkoa wetu jambo hili lina uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takribani nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Njombe wamedumaa. Tunazungumza sana juu ya lishe, juu ya maharage na mboga na maziwa, na tunafanya vizuri. Lakini kwa mtoto mwenye ulemavu, sahani inaweza kuwa imejaa na bado asile, kwa sababu ambayo iko nyuma ya nyumba, kwenye choo cha shimo.

Kisha kuna baridi. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Makambako upepo wake kila mtu anaujua. Mwezi wa Juni na Julai hata mtu mzima mwenye afya anasahau kunywa maji. Kwa hiyo mama haoni ajabu chupa ikirudi imejaa. Anadhani ni baridi tu. Na kwa kuwa nimeitaja baridi, niongeze jambo ambalo liko nje kidogo ya mada lakini siwezi kuliruka. Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, au mtu aliyeumia uti wa mgongo, mara nyingi hana hisia miguuni. Akiwekwa karibu na jiko la mkaa apate joto, anaweza kuungua mpaka nyama bila kusikia chochote. Msogeze mbali, mvalishe soksi nzito, na usimwekee chupa ya maji ya moto miguuni.

Mtoto huyo huyo wa mgongo wazi ndiye ambaye kwake choo ni suala la uhai kabisa. Mishipa ya fahamu inayokiamrisha kibofu chake haifanyi kazi ipasavyo, kibofu hakimalizi mkojo, na mkojo uliobaki unaweza kurudi juu na kuziharibu figo polepole bila maumivu. Ndiyo maana wengi wao wanafundishwa, wao au mama zao, kutoa mkojo kwa mpira mwembamba kila baada ya saa nne hivi. Kazi hiyo inahitaji maji safi, sabuni, pa kukaa, na mlango unaofungwa. Saa nne baada ya saa moja asubuhi ni saa tano, yaani mtoto yuko darasani. Kama shule haina pa kufanyia, atakaa mpaka saa tisa, au mama atalazimika kukaa chini ya mti wa shule kila siku, akiacha shamba la viazi au genge lake. Nimewaona akina mama wa namna hiyo. Baada ya miezi michache wengi wanachoka, na mtoto anabaki nyumbani.

Hapa ndipo ninapotofautiana na tunavyozoea kulizungumzia jambo hili. Tunaliweka kwenye fungu la huruma, pamoja na sherehe za Desemba 3, Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu. Mimi nasema liwekwe kwenye fungu la tiba. Daktari anaweza kuandika dawa nzuri kabisa ya antibiotiki, mtoto akapona, kisha akarudi kwenye choo kile kile na ngazi zile zile. Ngazi mbili za choo zikisababisha UTI tano kwa mwaka, basi fundi mwashi ni sehemu ya matibabu.

Shule nyingi zilizojengwa miaka ya karibuni zina chumba kimoja cha choo kwa ajili ya wanafunzi wenye ulemavu. Ramani inakitaka, mkaguzi anakitafuta, na kinajengwa. Nenda ukakiangalie. Utakuta vingine vizuri kabisa. Vingine utakuta ndani mna majembe, mafagio na ndoo za rangi iliyobaki, na kufuli ambalo ufunguo wake uko kwa mwalimu ambaye leo amekwenda semina. Kwingine njia ya mteremko imejengwa vizuri hadi mlangoni, halafu mlango unafunguka kwa ndani, kiti kikiingia hauwezi kufungwa. Fundi alifuata ramani, lakini hakuna aliyemwita mtu mwenye kiti mwendo aje ajaribu kabla fundi hajalipwa.

Walimu nao wana hoja zao, na si hoja za kupuuza. Mwongozo wa taifa unataka tundu moja la choo kwa kila wasichana 20 na moja kwa kila wavulana 25, na shule nyingi bado ziko mbali na kiwango hicho. Mwalimu mkuu mwenye foleni ya watoto mia moja kwenye tundu moja atakuuliza: nina mwanafunzi mmoja tu mwenye kiti mwendo, nimjengee choo chake peke yake?

Ni swali la haki, na jibu lake ni kwamba yuko mmoja kwa sababu choo hakipo. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa miongoni mwa Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi, asilimia 11.2 wana ulemavu wa aina fulani. Hao ni zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi. Si wote wanaohitaji kiti mwendo, lakini wapo, wako nyumbani, na wengine wako chumba cha ndani. Tena choo chenye pa kushika na pa kukaa hakimfai huyo mmoja peke yake. Anakihitaji mwalimu mjamzito wa miezi minane, anakihitaji aliyevunjika mguu kwa bodaboda, anakihitaji bibi aliyekuja kwenye kikao cha wazazi na magoti yake hayakunji tena.

Turudi nyumbani kwako, maana huko huna haja ya kusubiri bajeti ya mtu.

Chukua futi ya fundi. Pima kiti mwendo sehemu yake pana zaidi, ambayo kwa kawaida ni kwenye pete za nje anazoshika kusukuma. Viti vingi vya watu wazima vina sentimita 60 hadi 70. Sasa pima uwazi wa mlango wa choo. Kama haukizidi kiti kwa sentimita kumi hivi, vidole vya mtoto vitachubuka kila siku, au hataingia. Sentimita 80 ni kiasi cha chini cha kuridhisha, 90 ni bora. Kama kupanua ukuta ni ghali kwa sasa, ng'oa mlango na ubao wake wa pembeni, weka pazia zito; faragha inabaki na nafasi inaongezeka. Ukiweka mlango mpya, ufunguke kwa nje.

Kisha ngazi. Kanuni inayotumika duniani kote kwa njia ya mteremko ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kimo inahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi moja ya sentimita 15 inahitaji mteremko wa mita 1.8. Ngazi tatu za aina hiyo, sentimita 45, zinahitaji mita 5.4. Watu wengi hawaamini namba hiyo, wanajenga mteremko mfupi na mkali kama wa kuparamia mlima, na mtoto akijaribu kupanda peke yake anaanguka kisogo. Nyumba zetu nyingi zimechimbwa kwenye kilima, kwa hiyo mita tano za kunyooka huenda huna. Pinda njia, iende kushoto kisha irudi kulia, na kwenye kona acha mahali tambarare pa kupumzika na kugeuza kiti. Udongo wetu mwekundu wakati wa mvua unateleza kama sabuni, hivyo usiishie kwenye kuusawazisha tu. Weka zege, na kabla halijakauka likwaruzwe kwa ufagio ili liwe na mistari.

Ndani ya choo, kwa mtoto asiyeweza kuchuchumaa, unahitaji kiti chenye tundu. Mkoa wetu ni wa mbao. Ukitoka Makambako kuelekea Njombe misindano iko pande zote, na seremala hakosekani hata vijijini. Mpelekee mtoto mwenyewe, si vipimo vya kukadiria. Kiti kiwe na kimo kinachofanya miguu yake ifike chini, kwa sababu mtoto ambaye miguu inaning'inia hawezi kusukuma choo vizuri. Kiwe na mikono pembeni, na mgongo kama hawezi kukaa mwenyewe. Kipigwe msasa mpaka laini, kisha rangi ya mafuta, ili kisafishike na kisimchome. Ukutani weka bomba la chuma au mti imara wa kushika, usawa wa kiwiko chake akiwa amekaa. Kwa asiyeona, funga kamba kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa choo. Ni kazi ya dakika kumi, na inampa uhuru wa kwenda chooni usiku bila kumwamsha mtu.

Jambo hilo la mwisho nalipenda kuliko yote. Tunadhani tunamsaidia mtu tukimpeleka. Kijana wa miaka kumi na tano anayepelekwa chooni na mama yake anajua kwamba siyo msaada anaoutaka.

Sasa kuhusu viti vyenyewe. Kila mwaka tunaona picha za viongozi na wafadhili wakigawa viti mwendo, vyote saizi moja, vimepangwa kwenye uwanja. Nashukuru kwa nia yao. Lakini kiti mwendo ni kama kiatu. Kikiwa kipana, mtoto anaegemea upande mmoja na uti wa mgongo unapinda. Kisipokuwa na mto mzuri, asiye na hisia anapata vidonda vya mgandamizo kwenye makalio, na kidonda hicho kinaweza kuchukua miezi kupona. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu viti mwendo tangu mwaka 2008, likisisitiza kumpima mtu, kumfundisha, na kufuatilia. Ukipewa kiti kwenye sherehe, kipokee, kisha nenda nacho kwa mtaalamu wa utengamao akirekebishe. Ulizia hospitali ya rufaa ya mkoa. Na upande wa Wanging'ombe kuna kituo cha Inuka cha Jimbo Katoliki la Njombe, ambacho utengamao ndiyo kazi yake. Na kabla kiti hakijafika nyumbani, pima mlango.

Zahanati na vituo vya afya navyo vina ngazi zake, nyingine za saruji na nyingine huzioni. Kiziwi anaketi kwenye benchi tangu asubuhi, muuguzi anaita majina kwa sauti, na saa saba mchana bado ameketi kwa sababu hakusikia jina lake. Kadi yenye namba ingetosha. Asiyeona anapewa dawa mbili kwenye bahasha zinazofanana. Mwombe mhudumu akunje kona ya moja. Mtoto wa miaka kumi asiyeweza kusimama hapimwi uzito, dozi inakadiriwa kwa macho. Usikubali. Simama wewe kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha simama peke yako, toa hesabu. Ni namba inayohitajika kwa usalama wake.

Halafu kuna safari. Makambako ni njia panda: barabara ya Dar es Salaam na Mbeya inakutana hapo na ile ya Njombe na Songea. Mgonjwa wa kichwa kikubwa au mgongo wazi anayepewa rufaa ya kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, au mtoto wa mguu kifundo anayekwenda CCBRT, anapanda basi kwa safari ya zaidi ya kilomita 600. Basi linasimama porini, kondakta anatangaza kuchimba dawa, abiria wanashuka na kutawanyika. Yeye anabaki kwenye siti. Kwa hiyo ameacha kunywa maji tangu jana yake mchana, na anafika hospitalini akiwa amekauka, kabla hata ya kuchomwa sindano ya kwanza. Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya mwaka 2022 lilisema watu wenye ulemavu wanaona usafiri usiofikika na usiomudika kuwa mgumu mara 15 kuliko wasio na ulemavu. Kwetu sisi huo ugumu una jina la Kiswahili, na ni hilo la kuchimba dawa. Ukisafiri naye, zungumza na kondakta kabla ya kukata tiketi: tutahitaji kusimama penye hoteli yenye choo cha kukaa, na tutahitaji dakika kumi na tano. Omba siti ya mbele. Beba chupa ya mdomo mpana na khanga ya kumzungushia, na mpe maji kama kawaida.

Je, unayadai haya kwa nani? Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na mwaka mmoja kabla yake nchi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Sheria hiyo inataka kuwepo kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Muulize mtendaji wako kamati yenu ina nani na ilikaa lini. Wengi wanazijua zile asilimia mbili za mapato ya ndani ya halmashauri zinazotengwa kwa mikopo ya watu wenye ulemavu, kati ya asilimia kumi za wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni jambo jema, lakini ule ni mkopo wa biashara na unarudishwa. Usimruhusu mtu akujibu kuwa choo cha shule kitatoka huko. Choo ni cha bajeti ya kawaida, kama madawati.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Simama useme, na hakikisha mtendaji ameandika kwenye muhtasari. Shuleni anza na mwalimu wa darasa, kwa heshima: "Shikamoo Mwalimu, naomba tuzungumze kuhusu choo cha mwanangu." Omba mambo matatu madogo kabla ya kuomba jengo: ufunguo ukae mahali mtoto anapapajua, majembe yatoke, na aruhusiwe kutoka darasani dakika tano kabla ya kengele ili asigombanie njia na wenzake. Haya hayana gharama yoyote. Mwalimu akikubali, mshukuru, kisha rudi baada ya wiki mbili kuangalia.

Tunapenda kusema hujafa hujaumbika. Methali ni ya kweli, lakini nimeisikia ikitajwa miaka yote hii na sijaona mlango mmoja ulioongezwa upana kwa sababu yake.

Jambo la mwisho ni la haraka. Mtoto akiwa na homa, maumivu ya mgongo kwa pembeni chini ya mbavu, mkojo wenye damu au harufu kali, au akitapika, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo na umwambie mhudumu kwamba alikuwa anabana mkojo. Kwa mtoto wa mgongo wazi asiye na hisia, usisubiri maumivu, maana huenda yasije. Homa peke yake inatosha kumpeleka. Na kama jirani na kwako sasa hivi kuna darasa au zahanati inayojengwa na bado iko kwenye msingi, pita hapo wiki hii ukiwa na mtoto na kiti chake, umwombe fundi akuonyeshe mlango wa choo utakaa wapi.